Pombe Nyepesi ya Hull

Hull, 14 Septemba 1986

Dada Avis,

Shikamoo. Najua mwandiko huu utautambua kabla hujafungua bahasha, na huenda usiifungue. Kama umefungua, asante. Natumaini magoti hayakusumbui sana na unyevu wa huko Combe Hatherley, na kwamba kuku wanataga. Sisi huku tunajikongoja. Mke wangu Noreen anakusalimu, kifua chake ni kilekile. Mimi bado natengeneza maboila ya shule za mjini, na mgongo ndio unaolalamika.

Asiye mzima ni Baba. Tangu Juni ana uvimbe tumboni, na daktari ametuambia tusihesabu mbali kupita Krismasi. Kitanda chake tumekishusha sebuleni, karibu na dirisha. Chai anaikataa, supu anaikataa, maziwa anayageuzia uso. Anachotaka ni kimoja na wewe unakijua: pombe ya matufaha ya nyumbani. Nilimnunulia ya dukani, akasema ni soda iliyovaa koti.

Basi nikanunua lile boksi la kujitengenezea mwenyewe. Ndani mna kopo la maji ya matufaha yaliyochemshwa yakawa mazito kama gundi, kipakiti cha hamira, na karatasi ya maelekezo. Unatia maji, unatia kilo ya sukari, unafunika ndoo, unasubiri. Nilifuata kila mstari. Ilichacha siku sita ikatulia. Nikampa kikombe. Akaizungusha mdomoni kama alivyozoea, akameza.

Nikamuuliza, "Vipi, Baba?"

Akasema, "Tufaha limepita mlangoni, likasalimia. Halikuingia."

Ana haki. Ni kali, nyepesi, inateremka kooni kama maji ya mvua ya kwenye bati. Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na saba, sikujifunza kitu. Wewe ndiye uliyesimama naye kwenye kinu cha kukamulia matufaha miaka yote. Najua tangu ulipoleta trekta ukang'oa miti ile ya matufaha, na yeye akapanda treni kuja kwangu na sanduku moja, hamjaandikiana hata neno. Miaka tisa. Siombi mpatane. Naomba tu uniambie pombe hii niipeje uzito na ladha.

Mdogo wako,
Gilbert


Combe Hatherley, 26 Septemba 1986

Gilbert,

Barua yako imefika. Mimi mzima, kuku wanataga. Mwambie Noreen ajifukize kwa maji moto jioni, aache zile dawa za duka la pembeni.

Nimekaa na karatasi yako siku nane. Unaniomba nikufundishe kitu kilichomzika mume wangu. Labda huko mmesahau, basi nikukumbushe. Septemba ya mwaka sabini na sita Lionel alitoka hospitali na karatasi ya daktari: ini limekwisha, akiendelea kunywa asimlaumu mtu. Msimu mzima wa kuvuna alirudi nyumbani kutoka kwenye kibanda cha kinu cha Baba, ananuka. Machi nikamzika. Wiki iliyofuata nikaita trekta. Ardhi ilikuwa yangu, Mama aliniachia mimi, na sijajuta.

Sasa nisikilize, maana sitarudia.

Sukari ndiyo inayokuharibia. Hamira huila yote, haibakizi kitu ila ukali. Tia robo tu, au usitie kabisa. Na maji usitie. Mahali pa maji tia juisi ya matufaha, ile yenye ukungu, na usome kwanza kilichoandikwa kwenye boksi: kama wametia dawa ya kuizuia isiharibike, hamira itakufa humo na utasubiri mpaka kiama. Kata zabibu kavu konzi mbili, utumbukize. Hizo zitaupa mdomo kitu cha kushika. Kisha kikombe kimoja cha chai ya rangi, nzito, iliyokaa mpaka ikawa nyeusi. Matufaha ya hilo kopo ni ya kula, hayana ukakasi. Chai itakuazima ukakasi.

Na ndoo umeiweka wapi? Nakufahamu, umeiweka kando ya boila. Iondoe. Kwenye joto inakimbia, na ikikimbia huacha ladha njiani. Iweke panapokupa baridi ya mikono. Ikitulia, ihamishie chombo kingine kwa mpira wa kunyonyea, taratibu, uyaache mashapo chini.

Ndiyo hayo. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Mtoto wa mama yako,
Avis


Hull, 22 Oktoba 1986

Dada Avis,

Shikamoo tena. Najua umenikataza. Hata shuleni nilikuwa sisikii mpaka nikatazwe mara ya pili. Natumaini u mzima na baridi haijaingia sana ndani. Noreen anajifukiza kila jioni na anasema Mungu akubariki, amelala usiku tatu bila kukohoa.

Ndoo ilikuwa kando ya boila. Nimeihamishia kwenye kabati la chini ya ngazi, Noreen akauliza kama mifagio sasa ikalale kitandani kwetu. Nilitia juisi, zabibu, chai, sukari kiduchu. Safari hii haikuchacha kwa fujo. Ilikuwa inapumua polepole, na kabati zima likanukia kama ghala la kwetu. Wiki tatu. Nikaihamisha kwa mpira nikajimwagia nusu lita kwenye soksi.

Baba akanywa. Akafumba macho. Akasema, "Tufaha limeingia. Bado halijakaa, lakini limeingia." Akaomba tena kidogo. Dada, ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti kuomba tena kitu chochote.

Halafu akaniuliza, "Nani kakufundisha chai?"

Nikasema nimesoma kitabuni.

"Kitabu gani hicho? Usinifanye mtoto, Gilbert. Mwaka ule wa baridi kali, matufaha machungu yalipokataa kuzaa, Avis alitia chai kwenye pipa. Nikamcheka mbele ya watu. Kisha nikalinywa pipa lote." Akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mimi nilichoomba nimepata, sina haki ya zaidi. Ila niliona si vizuri usijue hilo.

Mdogo wako,
Gilbert


Combe Hatherley, 3 Novemba 1986

Gilbert,

Marahaba. Mara ya kwanza sikukuitikia, nisamehe hilo. Mimi sijambo, magoti yanajua mvua kabla ya redio. Noreen asiache kujifukiza hata akipona.

Hukosi ila kitu kimoja, na hicho huwezi kukipata dukani. Chai inaazima tu. Ukakasi wenyewe umo kwenye matufaha machungu, yale ambayo ukiyauma ulimi unakauka. Hayo hayaliwi, yanakamuliwa tu.

Yapo. Sijamwambia mtu. Miti mitano ya kando ya kijito trekta haikuifikia, ardhi ilikuwa tope. Dereva akasema atarudi kiangazi, nami sikumwita. Miaka tisa nayaacha yaanguke, yanaliwa na ndege na nguruwe wa jirani. Jumamosi nilishuka na magunia mawili. Kinu nilishakiuza, kwa hiyo nimeyaponda kwenye beseni la kufulia kwa gogo, nikayafunga ndani ya mapazia ya zamani, nikayabana kwa jeki ya gari chini ya boriti ya banda. Mikono yangu ni ya kahawia mpaka leo. Nimepata mitungi miwili ya kioo. Nitaitia kwenye treni ya Alhamisi. Vizibo nimevilegeza, maana juisi imeshaanza kupumua yenyewe. Changanya na kopo lako, chai usitie tena.

Hii si zawadi, Gil. Ina bei yake, na bei ni swali moja umuulize Baba.

Msimu ule wa mwisho, kila nilipomgombeza Lionel kwa nini anakunywa, aliniambia, "Baba yako nimemwambia alichosema daktari, na bado ananimiminia." Sikumwamini. Ikija kwenye pombe, Lionel alikuwa anadanganya hata leo ni siku gani ya wiki. Mazishini Baba hakusema neno, nami sikuuliza, niliita trekta. Sasa nataka kujua. Je, alijua? Kama hakujua, nimemdhulumu mzee miaka tisa. Kama alijua, nataka itoke kinywani mwake.

Dada yako,
Avis


Hull, 20 Novemba 1986

Dada Avis,

Shikamoo, na asante sana. Mitungi imefika. Mmoja ulivuja njiani, karani wa stesheni akaniambia mara nyingine nisafirishe ng'ombe, hawatamsumbua hivi. Lakini kilichobaki kimetosha. Nilichanganya siku ileile. Kitu hicho kina rangi, dada. Kile cha kopo kilikuwa kama mkojo wa mtoto, hiki ni kama chai ya mama mkwe. Mashapo ni mazito, kidole kizima, sijui kama nihamishe sasa au nisubiri mpaka povu lipungue. Na kuna utando mwembamba mweupe juu, sijui ni wa kheri au wa shari. Harufu ni nzuri. Baridi ya kabatini naona inatosha.

Baba amedhoofika. Sasa anasemea chini, lazima uinamishe sikio. Kuhusu lile swali lako, bado hajapata nguvu.

Mdogo wako,
Gilbert


Combe Hatherley, 25 Novemba 1986

Gilbert,

Mimi mzima. Utando uondoe kwa kijiko safi, jaza chombo mpaka shingoni, hewa isipate pa kukaa. Hamisha sasa.

Umeandika ukurasa mzima wa mashapo na mstari mmoja wa swali langu. Ulipovunja saa ya Mama ulinieleza habari za hali ya hewa kwa dakika kumi. Umeshamuuliza, na amekwisha kukujibu. Niandikie.

Avis


Hull, 4 Desemba 1986

Dada,

Shikamoo. Sitauliza hali, najua ninachokuletea.

Nilimuuliza siku mitungi ilipofika. Nilimsomea barua yako, kipande kile cha Lionel. Alisikiliza macho yakiwa dirishani. Akasema, "Nilijua."

Nikasema, "Baba, labda hukumbuki vizuri."

"Sijapoteza akili, nimepoteza tumbo. Alikuja kibandani na ile karatasi akaniwekea juu ya pipa. Nikaisoma. Nikamwambia basi leo usinywe. Akapanda ngazi kuchuma, mikono ikawa inatetemeka, ngazi nzima inatetemeka. Akashuka akaniambia, 'Mzee, nipe kimoja tu niweze kazi.' Nikampa. Mikono ikatulia. Kesho yake vilevile. Nilikuwa na tani sita za matufaha zinaoza chini na mikono miwili ya mzee, na yake."

Nikamwambia nitakuandikia kwamba alimhurumia. Akanishika mkono, sijui nguvu alizitoa wapi. "Usimwandikie huruma. Huruma ilikuwa siku ya kwanza. Siku zilizobaki nilitaka matufaha yaingie."

Nilitaka kuishia hapo, ndiyo sababu sikukuandikia. Sikuweza kuishia hapo, maana kuna sehemu iliyobaki na ni yangu.

Unakumbuka Oktoba ile uliniandikia. Ulisema Lionel anaumwa, njoo wiki tatu tu tuvune, apate kupumzika. Nilikujibu kwamba kazini wamekataa kuniruhusu. Hawakukataa. Sikuwaomba. Tulikuwa tunafunga mitambo ya shule mpya, kulikuwa na saa za ziada, na kusema kweli sikutaka kurudi kwenye tope lile kuamrishwa na Baba. Nilijiambia Lionel mtu mzima, atajua kujitunza. Baba alipomaliza kusema aliniangalia akasema, "Ningekuwa na wewe nisingemhitaji yeye." Si kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Sina utetezi. Sasa umejua yote ninayojua.

Gilbert


Combe Hatherley, 11 Desemba 1986

Gilbert,

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni mbele ya mtu wa posta, na yeye akaniuliza kama nimefiwa.

Sitakuja Hull. Nilitoa sanduku kabatini, nikaliweka kitandani, nikalirudisha. Siwezi kukaa kwenye kiti kando yake nimshike mkono. Pengine ningeweza kama angedanganya.

Juu ya hiyo pombe. Kwa haki ingekaa mpaka Mei. Inatakiwa kulala baridi miezi yote hiyo, ukali ulainike, uzito ushuke mahali pake, hakuna dawa inayofanya kazi ya muda. Lakini yeye hana Mei. Usingoje iwe safi. Chota kutoka katikati ya chombo. Kijiko cha asali kiyeyushe kwa maji moto kiduchu, utie, ukoroge. Iache ndani ya chumba mpaka ipoteze baridi, ikiwa baridi atasikia ukali tu. Mpe kwa kikombe cha udongo, sio glasi, asione ukungu wake akaanza kukosoa.

Nampa si kwa sababu nimemsamehe. Nampa kwa sababu ana kiu. Msomee mstari huo kama ulivyo, usiupunguze.

Kwako wewe bado sijapata maneno. Nikiyapata nitakuandikia.

Avis


Hull, 20 Desemba 1986

Dada Avis,

Shikamoo. Baba alikufa Alhamisi asubuhi, saa tatu kasoro robo. Nilikuwepo, Noreen alikuwepo. Hakuhangaika.

Ujumbe wa simu ya kanisani umeshapewa na mchungaji wenu, kwa hiyo habari yenyewe unayo. Naandika yale ambayo mchungaji hawezi kukwambia.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilifanya ulivyosema, asali, kikombe cha udongo, nikaiacha saa nzima juu ya meza. Kabla sijampa nikamsomea mstari wako kama ulivyo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Sawa. Hiyo ni sawa." Akanyoosha mdomo.

Alichukua funda moja akalikalia muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Hii ni ya kijitoni." Nikasema ndiyo. "Nilidhani alimaliza yote." Nikasema trekta lilikwama. Akacheka bila sauti, akasema, "Trekta halikukwama miaka tisa." Akanywa nusu kikombe, kidogo kidogo, ikamchukua mchana mzima. Noreen alimfuta kidevu. Hakusema kama ni nzuri. Mara ya mwisho alipomeza alipapasa shavu kwa ulimi, ule ukakasi, unajua alivyokuwa akifanya, akalala. Jumanne na Jumatano hakutaka kitu tena.

Aliomba alazwe kando ya Mama. Gari litatoka huku Jumanne alfajiri, tutafika kwenu mchana. Kama hutaki kusimama kaburini, nitaelewa, na nitawaambia watu una homa.

Zimebaki lita kama kumi na mbili kabatini. Noreen anauliza tumwage. Mimi siwezi kuinywa na siwezi kuimwaga. Niambie.

Mdogo wako,
Gilbert


Combe Hatherley, 9 Januari 1987

Mdogo wangu Gilbert,

Marahaba. Natumaini mlifika salama, na Noreen hakupatwa na baridi kanisani. Kofia ile aliyovaa haikuwa ya kuzuia kitu. Mimi sijambo.

Pale kaburini hatukusema mengi. Ulinishika mkono, nikautoa, na uliona. Sikuutoa kwa chuki. Nilihisi nikiuacha hapo nitakupiga mbele ya mchungaji. Miaka kumi hasira yangu ilikuwa ya watu wawili, kumbe walikuwa watatu, na kuigawa upya inachukua siku. Ningekuwa nimelijua lako wakati ule ningekulaani. Sasa nimechoka kidogo, na wewe ndiye uliyeniambia, hukungoja nikukamate. Hilo nimeliweka upande wako.

Jumapili nilishuka makaburini peke yangu. Nilisimama kwa Baba na Mama muda mfupi, kisha nikavuka njia nikaenda kwa Lionel. Nilikuwa na neno lake. Nilimwambia kwamba siku ile aliposema amemwonyesha Baba karatasi ya daktari, alisema kweli. Gil, nilimwita mwongo mpaka wiki aliyokufa. Alikuwa amelala pale, macho ya manjano, ananiambia, "Avis, kweli nilimwambia," nami nikamjibu kweli huijui hata ukiikanyaga. Watu wanadhani nimekaa miaka hii yote nikimchukia Baba. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni jibu langu lile. Sasa nimekwenda kulifuta. Sijui kama alisikia. Nililifuta tu.

Umeuliza juu ya hiyo iliyobaki. Usimwage. Ihamishe mara moja zaidi kwenye chupa safi, zijaze mpaka juu, zilaze mahali pa baridi na giza, na umwambie Noreen mifagio itafutiwe kwingine. Usiifungue kila Jumapili kuichungulia. Itafika Mei utaona imebadilika mdomoni, haitakuwa na haraka tena.

Uonje, kisha uniandikie ladha yake. Usipokuwa na kingine cha kusema, hiyo itatosha.

Dada yako,
Avis